Malengo ya fedha yakifika Julai: ubane, usogeze tarehe au upunguze kiasi?

Mwisho wa Juni, lengo la fedha lililoandikwa Januari huwa katika hali moja kati ya tatu: linakwenda vizuri, limechelewa, au limesahaulika. Linalokwenda vizuri liache liende. Haya mawili mengine yanahitaji uamuzi, na uamuzi wenyewe una milango mitatu tu: ubane matumizi ili ulifikie kwa tarehe ile ile, usogeze tarehe, au upunguze kiasi. Kulifuta kabisa nako kunaruhusiwa, tutalitaja kwa kifupi.

Kwa wakazi wa Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, Julai ina uzito wake. Mvua yetu ni moja: huanza Novemba au Desemba, hukatika Aprili au Mei. Juni mahindi ya Mbozi na Mbeya Vijijini yanakauka shambani, mpunga wa Mbarali unapurwa au umeshaingia ghalani, kahawa ndiyo inaanza kuchumwa. Kwa mkulima, Julai ndiyo mwanzo wa mwaka wake wa fedha. Kwa mwalimu wa Iringa mjini au muuguzi wa Mbeya, Julai ni katikati kweli. Mwenye duka Mwanjelwa au Makambako yuko kati ya hao wawili, maana mauzo yake hupanda na kushuka na mifuko ya wakulima.

Ndiyo maana ule ushauri wa kugawa kiasi kilichobaki kwa miezi sita unawafaa wachache. Gawa kwa miezi ambayo pesa inaingia kweli, na uondoe miezi ambayo inatoka kuliko inavyoingia. Hesabu hiyo moja hubadilisha jibu kwa watu wengi kuliko ushauri mwingine wowote tutakaoutoa hapa.

Namba nne kabla ya kuchagua

Tenga jioni moja, karatasi moja na kalamu. Kama mna familia, kaeni wawili. Lengo linalojulikana na mmoja huvunjwa na mwingine bila kujua.

Namba ya kwanza ni kilichopo. Chukua salio la simu, la benki, na hisa zako za kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, au za SACCOS kama zilivyo kwenye daftari. Mazao yaliyo ghalani yahesabu kwa bei ya leo kijijini kwako, ukishatoa gharama ya gunia, ushuru na usafiri. Kosa la kawaida ni kuyahesabu kwa bei ya Januari iliyopita, wakati ghala za watu zilikuwa tupu. Kosa la pili ni kuhesabu pesa uliyomkopesha ndugu. Kama hakuna tarehe mliyokubaliana, iandike pembeni kwa jina lake, usiijumlishe.

Namba ya pili ni unachodaiwa: mkopo wa kikoba, rejesho la kila wiki, deni la pembejeo, deni la dukani. Mtu mwenye hisa za 400,000 kikobani na mkopo wa 600,000 humo humo hana akiba ya 400,000. Ana deni la 200,000, na riba juu yake.

Ya tatu ni ziada halisi. Omba taarifa ya miamala ya miezi mitatu iliyopita kwenye mtandao wako wa simu na benki. Jumlisha kilichoingia, toa kilichotoka, gawa kwa tatu. Usiandike unachodhani kinabaki, andika kilichobaki. Ukikuta makato ya kutuma na kutoa yamefika 20,000 au 30,000 kwa mwezi, hapo tayari una mahali pa kubana bila kugusa chakula: toa pesa mara moja kwa wiki badala ya kila siku.

Namba ya nne husahauliwa sana: mzigo wa nusu ya pili. Julai hadi Oktoba ni kiangazi, barabara zinapitika, mavuno yamepatikana, na ndipo kadi za harusi, sendofu na kipaimara zinapomiminika. Wastani wa michango ya Januari hadi Mei hautakuambia ukweli kuhusu Agosti. Mwenye mtoto anayeingia kidato cha tano ana gharama za Julai. Mfanyabiashara anayelipa kodi ya makadirio kwa awamu ana tarehe 30 Septemba na 31 Desemba. Kisha Januari inakuja na sare, madaftari, na ada kwa waliopeleka watoto shule binafsi. Andika kila kimoja na mwezi wake.

Njia tatu zikiwekwa pamoja

| | Kubana | Kusogeza tarehe | Kupunguza kiasi |
|---|---|---|---|
| Inafaa pale | kiasi kinachohitajika kwa mwezi hakizidi ziada halisi kwa zaidi ya robo | tarehe ni yako mwenyewe: kiwanja, ujenzi, pikipiki | tarehe haiwezi kusogea: ada, mbolea, kodi ya pango |
| Gharama yake | starehe, na mara nyingine amani ya nyumbani | bei ya kitu kupanda ukiwa bado unakusanya | unapata kidogo, au kwa awamu |
| Dalili umekosea | umeanza kukopa ili uweke akiba | umesogeza mara mbili bila kuongeza kiasi | kilichopatikana hakitumiki mpaka nusu ya pili ipatikane |

Mstari wa mwisho tuueleze kidogo. Anayekopa kwenye simu tarehe 20 ili akaweke hisa kikobani tarehe 21 hajabana chochote; amehamisha pesa na kulipia uhamisho. Anayesogeza mara mbili ana lengo kubwa kuliko kipato, dawa yake ni kupunguza. Na kupunguza kuna namna nzuri na mbaya. Msingi uliokamilika na kufunikwa vizuri unasubiri. Matofali ya tope yaliyopangwa nje bila kufunikwa yatanyeshewa Desemba, na pesa itakuwa imeyeyuka. Ukigawa lengo kwa awamu, kila awamu iwe kitu kinachoweza kusimama chenyewe mwaka mzima bila kuharibika.

Kufuta kunafaa pale ambapo sababu ya lengo imekwisha: ulitaka kuhamia Dar, sasa huhamii. Futa, hamisha pesa kwenye lengo lingine siku hiyo hiyo, usiiache ikae bila jina.

Hesabu ya mwenye mshahara

Tuchukue mtumishi mwenye mshahara wa 800,000 kabla ya makato. Mchango wa mfuko wa pensheni, PSSSF, wa asilimia 5 ni 40,000. Bima ya afya, NHIF, asilimia 3 ni 24,000. Kodi ya mshahara hupigwa kwenye 760,000 zinazobaki baada ya kutoa mchango wa pensheni: 270,000 za mwanzo hazina kodi, 250,000 zinazofuata ni asilimia 8, yaani 20,000, na 240,000 za mwisho ni asilimia 20, yaani 48,000. Jumla 68,000. Kama anarejesha mkopo wa elimu ya juu, bodi ya mikopo, HESLB, inachukua asilimia 15, ambayo ni 120,000. Anapokea 548,000, kabla ya mkopo wa benki au mchango wa chama cha wafanyakazi.

Januari aliandika: 3,600,000 za kununua kiwanja na kuanza msingi, 300,000 kila mwezi. Juni ana 1,050,000 badala ya 1,800,000. Zimebaki 2,550,000. Akigawa kwa sita anapata 425,000 kwa mwezi, na hapo ndipo watu wengi hukata tamaa na kuacha kabisa, maana kwa mshahara wa 548,000 hilo haliwezekani. Taarifa ya miamala inaonyesha ziada yake halisi ni 175,000.

Sasa linganisha.

Kubana peke yake: atahitaji kupandisha akiba kutoka 175,000 hadi 425,000. Haiwezekani bila kukopa. Njia hii imefungwa.

Kusogeza peke yake: 2,550,000 kwa 175,000 ni miezi 15 kwa kukadiria juu. Lengo linatimia Septemba mwaka ujao.

Kubana kidogo na kusogeza: akiongeza 25,000 tu kwa mwezi, akaweka 200,000, miezi inakuwa 13, yaani Julai mwaka ujao. Tukitoa Januari, ambayo kwa mwenye watoto haina ziada, inakuwa Agosti.

Kupunguza: Desemba atakuwa na 2,100,000 kwa ziada yake ya sasa. Kama kiasi hicho kinatosha kiwanja kilichopimwa cha ukubwa mdogo, anunue kiwanja na msingi uwe lengo la mwaka ujao.

Kwa mtu huyu tungechagua ya mwisho ikiwa kiwanja chenyewe kimepatikana, chenye nyaraka, na majirani na ofisi ya mtaa wanakitambua. Kiwanja ni awamu inayosimama yenyewe, na bei za viwanja pembezoni mwa miji yetu hazina tabia ya kumsubiri mtu. Kama hakijapatikana, kubana kidogo na kusogeza ni salama zaidi, kwa sababu kununua kwa haraka ili tu lengo litimie Desemba ndiko kunakowaingiza watu kwenye kiwanja kilichouzwa mara mbili.

Jambo moja la Julai kwa waajiriwa: mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na mabadiliko ya mshahara au ya makato mara nyingi huonekana kuanzia hapo. Subiri uone hati ya malipo ya Julai kabla ya kufunga hesabu yako. Ukipata nyongeza, amua asilimia yake itakayokwenda kwenye lengo mwezi ule ule inapoingia. Ukiacha miezi miwili ipite, itakuwa imeshapata matumizi.

Hesabu ya mwenye mavuno

Hapa makosa ni makubwa zaidi, na yanaumiza zaidi, kwa hiyo tukae nayo.

Tuchukue mkulima wa Mbozi mwenye ekari 3 na gunia 45 za kilo 100. Familia ya watu sita itenge gunia 8 za chakula. Zimebaki 37. Januari, bei ilipokuwa tuseme 70,000 kwa gunia, aliandika kwenye daftari 37 mara 70,000, akapata 2,590,000, akaweka lengo la pikipiki.

Julai bei kijijini ni tuseme 50,000. Na kuna jambo ambalo hesabu ya Januari haikuligusa: msimu ujao unalipiwa na mavuno haya haya. Kila ekari inataka mfuko mmoja wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia, mfuko mmoja wa kukuzia, na mbegu kilo 10 hivi. Tukikadiria mfuko wa mbolea 70,000, mifuko 6 ni 420,000. Mbegu kilo 30 kwa pakiti za kilo 2 za 15,000 ni 225,000. Kulima 60,000 kwa ekari ni 180,000, palizi nayo 180,000. Jumla 1,005,000. Weka bei za kijijini kwako mahali pa hizi zetu, lakini usiruke mstari hata mmoja.

Kwa bei ya 50,000, msimu ujao peke yake unakula gunia 21. Za malengo zimebaki 16, sawa na 800,000. Hata akizihifadhi zote 16 mpaka Januari na bei ikarudi 70,000, akitoa gharama ya mfuko wa kuhifadhia atapata kama 1,040,000. Pikipiki haipo mwaka huu. Njia ya kubana haina maana kwake, kwa sababu hana mshahara wa kubana. Pesa yake yote ameshaiona. Anachagua kati ya kusogeza pikipiki hadi mavuno mawili yajayo au kupunguza lengo liwe kitu cha 800,000: bati za kuezekea chumba kilichosimama, ng'ombe, au ada ya Januari yote kwa mkupuo.

Ushauri wetu kwa mkulima: andika malengo kwa gunia, siyo kwa shilingi. "Gunia 21 msimu, gunia 8 chakula, gunia 6 ada, gunia 10 bati." Bei ikishuka utaona mara moja gunia ngapi zimeongezeka kwenye kila mstari, na utajua kipi kipungue. Na gunia liwe la mzani. Gunia la debe 6 mara nyingi hupita kilo 100, na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo, hupita zaidi. Mnunuzi anayekupa bei ya gunia wakati kituo cha NFRA, wakala wa serikali wa hifadhi ya chakula, kinapima kwa kilo anaweza kuonekana ana bei nzuri kumbe siyo. Gawa bei kwa kilo halisi kabla ya kulinganisha.

Kahawa ina tatizo lake. Inayouzwa kupitia AMCOS, yaani chama cha ushirika cha mazao, hulipwa baada ya mnada, siyo siku unapopeleka gunia ghalani. Lengo lenye tarehe ya Agosti lisitegemee kahawa uliyokabidhi Julai. Chai ya Rungwe na Mufindi huchumwa karibu mwaka mzima, kwa hiyo mkulima wake atumie hesabu ya mwenye mshahara kuliko hii.

Uuze sasa au uhifadhi?

Jibu linategemea deni lako kuliko linavyotegemea bei.

Gunia la 50,000 ukiliweka hadi Januari likauzwa 70,000, ukatoa 5,000 ya mfuko usiopitisha hewa, umepata 15,000. Faida hiyo ni nzuri kwa miezi sita. Sasa chukua 50,000 hiyo hiyo kama deni lenye riba ya asilimia 5 kwa mwezi: 2,500 kila mwezi, miezi sita ni 15,000. Umehifadhi, umepiga dawa ya panya, umelinda ghala nusu mwaka, na faida yote imelipa riba. Kama bei haikufika 70,000, umepata hasara. Mwenye deni la aina hiyo auze gunia za kulilipa sasa, ahifadhi zinazobaki.

Asiye na deni ahifadhi, lakini si zote. Bei ya mahindi huku hutegemea pia wanunuzi wa Zambia na Kongo wanaopitia Tunduma, na mambo ya mpakani hubadilika bila taarifa. Uza kwa mafungu matatu: Julai kiasi cha mahitaji ya sasa, Oktoba kiasi cha pembejeo, Januari kilichobaki.

Kinachoharibu hifadhi ni unyevu, kabla hata ya dumuzi. Mahindi yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Bila kipimo, chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, weka konzi ya mahindi na kijiko cha chumvi kavu, tikisa dakika chache, acha itulie robo saa. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mahindi bado yana maji mengi. Rudisha juani kwenye turubai. Isipoganda maana yake yako chini ya asilimia 15 hivi, kwa hiyo ongeza siku moja au mbili za jua kwa usalama. Njombe na Makete jua la Julai ni dhaifu na asubuhi kuna ukungu, usianike kabla umande haujakauka.

Mfuko wa kuhifadhia una nailoni mbili ndani na sandarusi moja nje. Jaza nailoni ya ndani, toa hewa kwa kukandamiza, sokota mdomo, ukunje, funga kwa kamba. Fanya hivyo kwa nailoni ya pili, kisha sandarusi. Panga juu ya chaga, mbali na ukuta. Tundu moja la panya linarudisha hewa, wadudu wanaamka. Usifungue fungue kuangalia, na usichanganye na dawa ya unga. Mfuko mzima hauhitaji dawa.

Gunia za pembejeo zina ushauri tofauti. Pesa ya mbolea iliyokaa mkononi kuanzia Agosti hadi Novemba hupita kwenye kadi za harusi zote. Ukiuza kwa ajili ya mbolea, nunua mbolea wiki hiyo hiyo ikiwa imeshafika kwa wakala, iweke kavu juu ya chaga, mifuko isifunguliwe. Mbolea ya ruzuku, iliyoanza msimu wa 2022/23, hupewa mkulima aliyeandikishwa, hivyo hakikisha taarifa zako na ukubwa wa shamba viko sawa kwenye ofisi ya kijiji mapema. Kwa mbegu na ushauri wa udongo, maonyesho ya Nanenane viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, ni mahali pa kulinganisha wauzaji wengi kwa siku moja.

Deni kwanza au akiba kwanza?

Fahamu kwanza riba yako inapigwaje. Mkopo wa 1,000,000 kwa miezi sita, riba asilimia 5 kwa mwezi isiyopungua, una riba ya 300,000. Rejesho ni kama 216,700 kila mwezi. Kwa kuwa kila mwezi unarudisha sehemu ya mtaji lakini unaendelea kutozwa kana kwamba unao wote, riba halisi juu ya salio linalopungua inakaribia asilimia 8 kwa mwezi. Hakuna akiba halali utakayoipata Mbeya au Iringa inayolipa hivyo.

Mikopo ya kausha damu, ya rejesho la kila siku au kila wiki, ni mikali kuliko hapo. Ukiwa nayo, lengo la nusu ya pili ni moja tu: kuimaliza. Malengo mengine yasimame, isipokuwa akiba ndogo ya dharura, walau ya chakula na nauli ya wiki mbili, ili usirudi kukopa mtoto akiugua.

Lakini uliza swali hili kabla ya kupeleka pesa: nikimaliza mapema, riba ya miezi iliyobaki inafutwa? Omba salio la kufunga mkopo kwa maandishi. Wakikuambia utalipa riba yote vilevile, kumaliza mapema hakukuokolei kitu. Lipa kwa ratiba, na pesa ya ziada iweke mahali unapoweza kuifikia ili rejesho lisichelewe. Kwa mikopo ya benki yenye salio linalopungua, kumaliza mapema hupunguza riba, ila uliza kama kuna faini.

Mwajiriwa asikubali kujazwa makato mpaka ukomo. Kisheria anatakiwa abaki na walau theluthi moja ya mshahara wa msingi. Kwa 800,000 hiyo ni kama 266,700. Aliyefika hapo hana njia ya kubana, anaweza kusogeza au kupunguza tu.

Pesa ya nusu ya pili ikae wapi

Chagua kwa tarehe ya kuihitaji.

Ya kuhitajika ndani ya mwezi mmoja au miwili ikae kwenye simu au benki, lakini kwenye laini tofauti na ile unayofanyia matumizi. Kama umetumia huduma ya kukopeshwa ili kukamilisha muamala, pesa inayoingia kwenye laini hiyo hukatwa deni kwanza, na akiba yako itaonekana imepungua bila wewe kutoa.

Ya Desemba na Januari, kikoba kinafaa sana ikiwa mzunguko unaishia Desemba. Hisa 3 za 5,000 kila wiki kwa wiki 24 ni 360,000, kabla ya faida. Kuingia katikati ya mzunguko kuna sheria zake: vikundi vingine vitakutaka ulipe hisa za nyuma, vingine vitakuambia usubiri. Kabla ya kuingia tazama daftari la mikopo. Kama mikopo mikubwa imetolewa Septemba kwa marejesho ya Desemba, mgao utachelewa, na ada ya Januari haisubiri. Kikundi kisajiliwe kwenye halmashauri kama Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavyotaka.

SACCOS inafaa kwa anayelenga mkopo wa mwaka ujao kuliko anayetaka kutoa pesa mwaka huu. Hisa hazitolewi ukiwa bado mwanachama, na akiba hushikilia mkopo. Amana ya hiari ndiyo unayoweza kuichukua. Hakikisha risiti imeandikwa amana.

Ya miezi sita hadi miaka miwili, linganisha amana ya muda maalumu ya benki na Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja. Benki hukupa kiwango kilichokubaliwa: 1,000,000 kwa asilimia 8 kwa mwaka, miezi sita, ni 40,000, ikikatwa kodi ya zuio ya asilimia 10 inabaki 36,000, ukivunja kabla ya muda unapoteza riba yote au sehemu kubwa. Mfuko hauahidi kiwango, thamani ya kipande unachonunua hubadilika, lakini unaweza kuongeza kidogo kidogo kwa simu na kutoa ndani ya siku chache za kazi. Kwa yule mtumishi anayeweka 200,000 kwa mwezi, mfuko unamfaa zaidi kwa sababu anaongeza kila mwezi. Kwa mkulima aliyeuza mara moja, amana ya muda maalumu humlinda dhidi ya maombi ya Agosti.

Hati fungani za serikali za muda mrefu huanzia 1,000,000, hulipa riba kila miezi sita, na ni za pesa usiyoihitaji kwa miaka. Siyo za ada.

Karatasi mpya

Kila lengo liandikwe kwa mstari mmoja wenye vitu vitano: kiasi au gunia, tarehe, chanzo, mahali linapokaa, na nani mwingine anajua. "360,000, 15 Desemba, hisa 3 kila Jumamosi, kikoba, mke wangu." Malengo yasizidi matatu. Chini yake weka mstari wa michango wenye kikomo cha mwezi, kikifika useme umefika. Kwa ndugu wa karibu unaweza kutoa kitu badala ya pesa: debe la mahindi au mkungu wa ndizi kwenye msiba wa Tukuyu hupokelewa kwa heshima ile ile.

Weka tarehe ya kuikagua tena: mwisho wa Septemba. Siku hiyo tazama mambo matatu tu. Mbolea na mbegu zimeshanunuliwa au pesa yake ipo nzima? Akiba ya miezi mitatu imefika walau asilimia 80 ya ulichopanga? Na kuna deni jipya ambalo halikuwepo Julai? Jibu la kwanza likiwa hapana, uza gunia kabla mvua hazijaanza kuharibu barabara za vijijini. La pili likiwa hapana, usibane tena, punguza kiasi. Deni jipya likiwepo, mstari wake uandikwe juu ya malengo yote na ulipwe kabla ya mgao wa Desemba kuguswa.